Ni Fundi Tu

Mniamini msiniamini, mapenzi yale yaliponzwa na swichi.

Ilikuwa swichi ya maiki, kidude kisichozidi punje ya haragwe, na ilikaa kwenye kibanda cha matangazo katikati ya bustani ya mji. Ukitaka kuizima, ilibidi uisukume mpaka uisikie ikilia tak. Usiposikia tak, hujazima, unajidanganya. Fundi wa spika aliiona kasoro hiyo wiki ya kwanza tu alipoletwa kazini, akachomoa bisibisi mfukoni hapo hapo.

"Niibadilishe, dada. Kazi ya dakika tano."

"Iache," alisema mtangazaji.

"Itakuja kukuumbua siku moja."

"Ukiibadilisha, kesho utakuja kibandani kufanya nini?"

Waya, maana ndivyo mji mzima ulivyomwita, aliirudisha bisibisi mfukoni taratibu, akatabasamu mpaka akaona haya. Hayo yalikuwa miezi tisa nyuma. Tangu siku ile, kila saa nne asubuhi, mtangazaji alimwambia msimamizi wa bustani kwamba swichi inasumbua tena, na kila saa nne na robo Waya alipanda vile vidaraja vitatu vya kibanda na bisibisi mkononi, akakaa nusu saa bila kugusa skrubu hata moja. Msimamizi alibaki akijiuliza ni swichi ya namna gani hiyo isiyopona.

Na mtangazaji mwenyewe je? Jamani, sauti! Watoto wa mji ule waliijua sauti yake kuliko ya walimu wao. Mji wenyewe si mkubwa wala si mdogo. Wazazi wakitaka kuwatoa watoto mwishoni mwa wiki, wana bustani, bwawa la bata, treni ndogo inayozunguka bwawa, na jumba la makumbusho lenye mamba aliyekaushwa ambaye mtu fulani asiye na haya alimng'oa jino akaondoka nalo. Basi. Lakini mara moja kwa mwaka zinafika Siku za Familia, siku tatu mfululizo, na mji wote unamiminika bustanini. Ratiba huiandika yeye. Watu huwaelekeza yeye. Na kila jioni, kabla ya kufunga, husema maneno yale yale ambayo hata watoto wa chekechea humwigiza: "Kabla hujatoka getini, hakikisha uliyekuja naye unaondoka naye."

Leo ilikuwa siku ya tatu, siku ya mwisho.

Asubuhi Waya alikuja kibandani bila bisibisi. Mtangazaji aliiangalia ile mikono mitupu.

"Mkataba unaisha leo," alisema Waya. "Lori la kampuni linaondoka saa kumi na moja, linavuka mpaka. Huko tutakaa mwaka mzima, pengine miwili."

"Na wewe?"

"Mimi nimeongea na msimamizi. Anasema kazi ya kudumu ipo hapa, nikiitaka. Naitaka." Yale macho yake yaliyozoea kutazama juu ya nguzo yalikuwa chini, kwenye viatu. "Ila sitabaki mji huu nikiwa mtu wa kufichwa. Nimechoka kuwa swichi mbovu. Nipeleke kwa mama yako leo. Ukinipeleka, nabaki. Usiponipeleka, napanda lori. Sikulazimishi, neno ni lako."

"Nitakupeleka."

"Leo?"

"Leo leo. Mbio za magunia zikiisha tu, nakushika mkono, twende hadi kwenye dirisha lake la tiketi."

Waya alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alikuwa amevaa shati la kijivu, lile ambalo kifungo chake cha pili ni cha kijani. Mtangazaji ndiye aliyekishona, usiku mmoja mama yake akiwa amelala, kwa kuwa hakupata cha kijivu.

"Ataniuliza kwetu ni wapi," alisema Waya. "Hebu nikwambie kabisa. Kwetu ni..."

Mtangazaji alimziba mdomo kwa kiganja. "Usiniambie! Mimi sijui kudanganya. Kitu nikikijua tu, mama anakisoma usoni. Miezi tisa nimesalimika kwa kuwa sijui. Leo utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako."

Waya alicheka ndani ya kile kiganja. Kisha akaenda zake kukagua spika moja moja, maana simu hakuwa nayo tena ya kumpigia mtu amuulize kama zinasikika. Simu yake ilizama bwawani juzi alipokuwa akipitisha waya juu ya daraja dogo. Walikuwa wamecheka mpaka machozi yakawatoka, wakaambiana kwamba sasa ukimpigia Waya, wanapokea bata.

* * *

Mama yake mtangazaji aliuza tiketi za treni ndogo. Miaka ishirini na sita, dirisha lile lile, mto ule ule wa kukalia. Hakuwahi kulifunga dirisha lake Siku ya Familia hata alipokuwa na homa. Kwa hiyo saa tisa na nusu mtangazaji alipomwona anapanda vidaraja vya kibanda huku akihema, alijua kuna jambo.

Mtangazaji alikuwa ndiyo kwanza anamaliza tangazo la mtoto aliyepotea. Kuna utaratibu wake. Jina la mtoto halitajwi kwenye spika, asije mtu mbaya akalisikia na kumwita nalo. Zinatajwa nguo tu. Yaliyobaki yanaandikwa kwenye daftari la waliopotea, lenye safu tatu: nguo alizovaa, alipoonekana mara ya mwisho, kwao. "Mtoto wa kike, gauni jeupe, viatu vya njano, yuko hapa kibandani anakula biskuti," alisema mtangazaji, akaisukuma swichi, akageuka kumpokea mama. Baba wa mtoto alikuwa tayari mlangoni. Alimnyanyua mwanawe, akashukuru, akatoka.

Mtangazaji hakusikia tak. Wala hakuisikiliza.

"Funga mlango," alisema mama. "Na dirisha."

"Mama, kuna nini? Nani yuko kwenye tiketi?"

"Treni haitakufa wakinisubiri dakika kumi. Funga."

Alifunga. Kibanda kile ni cha saruji nzito, na spika ya karibu nacho Waya alikwisha kuikata zamani kwa kuwa ilikuwa inapiga mluzi kwenye maiki. Ukishafunga, husikii la nje. Mama alikaa kwenye kiti pekee, akaweka mikono magotini.

"Mimi nakaa dirishani," alianza. "Mji mzima unapita mbele yangu. Kila anayenunua tiketi ananiachia na maneno. Leo watatu wameniuliza arusi lini. Nikawauliza arusi ya nani? Wakacheka. Sasa nakuuliza wewe mwanangu niliyekuzaa. Huyo Waya ni nani kwako?"

Hapo, wasomaji wangu, ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, na mwenye mlango kakaa mbele yake anangoja. Alichotakiwa kusema hakizidi maneno mawili. Lakini alimtazama mama yake, akaona ile mishipa ya shingoni, akaona macho yalivyokwisha kujaa kabla jibu halijatoka, na ulimi ukamwingia ndani.

"Ni fundi, mama."

"Najua ni fundi. Nauliza kwako wewe ni nani."

"Ni fundi tu. Anakuja kutengeneza swichi."

"Kila siku?"

"Swichi mbovu."

Mama alimkazia macho. "Nitazame. Baba yako alikuja mji huu na watu wa bembea. Alikuwa anafunga na kufungua, kama huyu. Akanioa, akaniweka, siku moja akachukua mkoba akasema narudi Jumamosi. Wewe ulikuwa na meno mawili. Sikukatazi mwanamume. Nakuomba usiniletee mwingine wa kupanda lori. Moyo wangu hauna nguvu ya kungoja Jumamosi nyingine, hata kama ni yako."

"Mama, usilie."

"Basi niambie."

Na hapo, Mungu amsamehe, ili mama yake asilie, aliongeza. Laiti angekomea pale. Ila mtu asiyejua kudanganya akianza, hajui pa kuishia.

"Mama, mimi nitakuwa na nini na mtu wa kukwea nguzo? Leo yupo, kesho hayupo, hana mbele wala nyuma. Namwonea huruma tu. Watu hawana kazi, wanazusha. Lori lao linaondoka leo saa kumi na moja, na akienda ameenda. Hata sitajua kama hayupo."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Kweli?"

"Kweli, mama."

Mlango ulisukumwa kwa kishindo. Alikuwa rafiki yake, mchora nyuso, yule anayewapaka watoto rangi wakawa paka na vipepeo. Brashi bado ilikuwa mkononi, rangi ya chungwa inamdondokea miguuni.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima hiyo maiki, shoga yangu! Bustani nzima inakusikiliza!"

Mtangazaji aligeuka. Swichi ilikuwa imesimama katikati, si huku wala si kule.

Alipotoka mlangoni alikuta ukimya ambao Siku ya Familia haijawahi kuuona. Watu wa mbio za magunia walikuwa wamesimama ndani ya magunia yao. Treni ndogo imesimama. Mama mmoja alikuwa amemziba mwanawe masikio, sijui kwa nini, maana tusi halikutamkwa. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na wengine, ambao waliona haya kumtazama, walikuwa wakitazama ng'ambo ya bwawa, kule getini. Kwenye nguzo ya getini ilikuwa imeegemezwa ngazi. Na juu ya ngazi, mdogo kwa umbali, shati la kijivu.

Kwa hiyo alisikia. Aliyasikia kwenye spika aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, sikio lake likiwa hatua moja tu na mdomo wa spika.

"Kimbia!" alisema mchora nyuso.

Mtangazaji alitazama ule umati, magunia, mistari ya watoto, daraja dogo lililojaa watu. Kisha akatazama maiki. Alimkana mbele ya mji mzima, basi amkiri mbele ya mji mzima. Na spika ya getini ndiyo ya mwisho kushushwa, alijiambia, lazima atasikia. Waya alikuwa na sheria yake siku ya kufungua vyombo: utashusha zote, ya getini iwe ya mwisho. Mzazi aliyepotelewa na mtoto, alikuwa akisema, hukimbilia getini, kwa hiyo pale pasikose sauti. Miezi tisa hakuwahi kuivunja.

Akarudi ndani. Mama alikuwa bado kitini, mkono shavuni. Mtangazaji aliisukuma swichi upande wa pili mpaka ikalia, akainama, na ile sauti ambayo mji unaijua ilitoka ikitetemeka.

"Anatafutwa mtu mzima. Amevaa shati la kijivu. Kifungo cha pili ni cha kijani. Kifungo hicho nilikishona mimi. Nilichosema sasa hivi ni uongo. Nilimwogopa mama yangu, nikasema uongo. Swichi haikuwa mbovu kiasi kile. Nilikataa isitengenezwe ili uje kila siku. Wewe si fundi tu. Mimi sijui kuishi siku ambayo saa nne na robo hujapanda hivi vidaraja. Nakupenda. Mama yangu yuko hapa ananisikia, naye ajue nakupenda. Usipande lori. Njoo kibandani. Tafadhali, njoo nikuchukue."

Akaizima. Tak.

Hakumtazama mama yake. Alisimama nje mlangoni. Watu walianza kupiga makofi, kwanza wawili watatu, halafu bustani nzima, mpaka bata wakaruka. Kina mama walilia bila kuficha. Mtu alipaza sauti, "Mpisheni njia!" na kweli watu walijigawa wakaacha njia katikati, kuanzia daraja dogo mpaka kibandani, upana wa mtu mmoja anayekuja.

Njia ile ilibaki tupu.

Zikapita dakika tano. Watoto walichoka kusubiri, mmoja akavuka, akafuata mwingine. Zikapita kumi. Njia ikajifunga yenyewe kidogo kidogo. Mchora nyuso alisema labda anakusanya vyombo. Labda amekwama darajani. Mtangazaji alishuka vidaraja, akaanza kutembea, halafu akakimbia, viatu akaviacha kwenye nyasi.

Getini, ngazi ilikuwa imelazwa ukutani vizuri. Kando yake, chini, ilikuwa spika. Waya wake ulizungushwa duara safi, ukafungwa kwa kipande cha kamba, fundo lile lile la Waya ambalo hakuna mwingine anayejua kulifunga.

Mlinzi wa geti, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, alivua kofia alipomwona.

"Binti yangu, makofi yale yalikuwa ya nini huko?"

Mtangazaji alishindwa kupata pumzi. "Hamkusikia?"

"Tutasikia na nini? Spika hiyo hapo chini."

"Aliishusha saa ngapi?"

"Ile ile uliposema hutajua kama hayupo. Nikamwambia kijana, wewe si husema hii iwe ya mwisho? Akaniambia, leo mzee niwie radhi, sauti ile siwezi kuisikia tena wakati natoka. Akakunja waya wake, kama unavyoona. Akaniaga kwa mkono. Mtu mstaarabu sana."

"Amepanda lori?"

"Lori lipo pale bado."

Lilikuwepo kweli, ng'ambo ya barabara, vijana wa kampuni wakirundika mahema. Alivuka bila kutazama magari. Bosi wao, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni, alimtazama miguu yake mitupu kwa huruma.

"Waya? Huyo hayumo kwetu dada. Amekuja kuchukua begi lake, akasema haendi na sisi, anarudi kwao. Amedandia gari lililokuwa linapita."

"Gari gani? Limeelekea wapi?"

"Njia kuu ile. Inakwenda kote."

"Kwao ni wapi?"

Bosi alijifuta jasho, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechanganyikiwa. "Dada, sisi tulimchukua njiani, kibarua, hatukuandikishana. Wewe ndiye mwenzake, mji mzima unasema. Sisi ndio tungekuuliza wewe."

* * *

Saa kumi na mbili kasoro, mtangazaji alirudi kibandani. Mama yake alikuwa amewasha taa na kukusanya viatu vya mwanawe kutoka kwenye nyasi, akaviweka sambamba chini ya meza. Mchora nyuso alikwisha kumweleza yote, ya getini na ya ahadi ya asubuhi.

"Nilikuwa nimekaa hapa nakusikiliza," mama alisema. "Uliposema kwenye ile maiki. Mwili wote ulinisisimka. Baba yako hakuwahi kunisemea hata nusu ya vile, hata tukiwa wawili chumbani." Alivuta kamasi. "Mimi ndiye niliyekutia hofu. Nimekosa, mwanangu. Mtu anayesubiri aletwe kwangu aseme shida yake, huyo si wa kukimbia. Baba yako hakutaka hata kuijua nyumba ya mama yangu."

"Ameshaenda, mama."

"Ameenda, hajafa. Kesho silifungui dirisha. Tutaondoka wote wawili, asubuhi na mapema. Nitamwomba radhi mbele ya mama yake mzazi, hata kwa magoti." Akalivuta daftari la waliopotea, akalifungua ukurasa mpya, akamsogezea kalamu. "Andika, tusije tukasahau kitu. Wewe si ndivyo unavyowatafuta watu? Haya. Nguo."

Mtangazaji aliandika. Shati la kijivu, kifungo cha pili cha kijani. Suruali ya kaki, goti la kulia limefifia kwa kupigia magoti. Viatu vyeusi, kamba ya kushoto fupi kuliko ya kulia. Aliandika mpaka safu ikamjaa.

"Alipoonekana mwisho."

Getini.

"Kwao."

Kalamu ilisimama.

"Kwao wapi?" aliuliza mama, sauti sasa ina matumaini, sauti ya mtu anayefikiria nauli na nguo za safari. "Ni mbali? Hata kama ni mbali."

"Sijui."

"Hujui vipi? Miezi tisa!"

"Alitaka kuniambia, mama. Asubuhi ya leo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni." Alikinyanyua kiganja chake cha kulia, akakitazama. "Nikamziba. Nilisema nisijue, ili ukiniuliza nisiwe na la kukwambia."

Mama alimvuta mwanawe kifuani, na huko ndiko mtangazaji alikolia, kilio cha mtu aliyelikata tawi alilokalia na anajua ni mkono wake. Alilia mpaka msimamizi akagonga mlango kwa upole, akasema samahani, ni saa kumi na mbili, watu wanasubiri tangazo la kufunga.

Mama alisema atamsemea. Mtangazaji alitikisa kichwa. Alijifuta uso, akakaa, akawasha.

"Siku za Familia zimekwisha," alisema. "Asanteni kwa kuja. Treni haitembei tena leo. Kabla hujatoka getini..."

Alinyamaza. Nje, watoto waliokuwa wamebebwa mabegani walimngoja, halafu, kwa kuwa walikwisha kuyakariri, wakamalizia wenyewe kwa sauti moja, hakikisha uliyekuja naye unaondoka naye, wakicheka.

Mtangazaji aliisukuma swichi mpaka ikalia tak, kisha akaendelea kuisukuma.